Yai la Kutotolesha Linapovuka Mpaka

Mada hii imekaa mahali ambapo Kilimo, Baiolojia na Jiografia hukutana, na pengine ndiyo sababu watahiniwa wengi huiruka. Kila somo hudhani jingine limeshaifundisha. Karatasi yako utaijibu kwa lugha ya karatasi, lakini jambo lenyewe kwanza lieleweke kwa lugha unayoongea nyumbani. Ukishalielewa, istilahi utazipata kwenye daftari lako la darasani.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa takwimu zake tutazitumia kwenye maswali ya mwisho. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa nimehamia Chamazi na nina kibanda nyuma ya nyumba, nilinunua trei nne za mayai ya kutotolesha. Muuzaji aliniambia yametoka Kenya, tena aliitaja Kenya kama sifa. Yalikuja na basi, chini kabisa, pamoja na mizigo mingine. Sikuuliza kibali. Sikuuliza yametagwa lini. Nilifika nayo nyumbani saa kumi jioni, nikayafuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni ili yapendeze, na kabla ya magharibi yalikuwa yameshaingia kwenye mashine. Ukisoma mada hii mpaka mwisho utahesabu makosa yangu. Mimi nimefika matano.

Yai hai na yai la chipsi

Kwa nje mayai haya mawili hayatofautiani. Yai la kuliwa laweza kutagwa na tetea asiyewahi kumwona jogoo. Yai la kutotolesha lazima liwe na mbegu, maana yake limerutubishwa. Kwa kuku wa kawaida, jogoo mmoja kwa mitetea wanane hadi kumi hutosha. Jogoo akizidiwa, mayai mengi hutoka matupu.

Kuna jambo moja ambalo watahini hulipenda. Tetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini mwake kwa muda wa wiki mbili hivi. Kwa hiyo ukimnunua tetea leo ukamweka na jogoo wako mzuri, mayai ya siku za mwanzo yanaweza bado kuwa ya jogoo wa zamani. Anayetaka mbegu safi hutenga mitetea kwanza, husubiri, ndipo huanza kukusanya mayai.

La pili, na hili ndilo msingi wa mada nzima: yai linapotagwa, maisha ndani yake hayajasubiri mashine. Urutubishaji ulitokea ndani ya tetea karibu siku nzima kabla ya kutaga, na muda wote huo yai lilikuwa kwenye joto la mwili wake, takribani nyuzi 41 za selisiasi. Seli zimeshagawanyika mara nyingi, na kiinitete tayari kina maelfu ya seli. Yai likitoka nje likapoa, ukuaji husimama. Hausimami kwa kufa, unasimama kama mtu aliyelala. Kusafirisha mayai ya kutotolesha kunawezekana kwa sababu ya usingizi huu. Kinachosafirishwa ni viumbe waliolala, na kazi ya msafirishaji ni kuhakikisha hawaamki njiani wala hawafi usingizini.

Joto la njiani

Mayai ya kutotolesha hutunzwa kwenye nyuzi 15 hadi 18. Yakitunzwa hivyo hukaa siku saba bila hasara kubwa. Baada ya hapo kila siku inayoongezeka hupunguza idadi ya vifaranga watakaototolewa, na hao watakaototoka huchelewa na huwa dhaifu.

Yakipanda juu ya nyuzi 21 hivi, kiinitete huanza kuamka. Sasa fikiria Dar es Salaam mwezi Januari, nyuzi 31 kivulini, na ndani ya buti la basi lililosimama Chalinze ni zaidi ya hapo. Kiinitete kinaamka, lakini joto halitoshi kukikuza inavyotakiwa, maana kinahitaji nyuzi 37.5 hadi 37.8 ndani ya mashine yenye feni. Kinakua kwa kusuasua. Usiku basi linapita kwenye baridi, kinasimama. Asubuhi jua linachoma, kinaamka tena. Baada ya kuamshwa na kulazwa mara tatu au nne, kinakufa. Mnunuzi hulipokea yai safi, zito, lisilo na ufa, na limekwisha kufa.

Ndiyo maana wafugaji wengi wa Mbagala, Bunju na Boko hulalamika kwamba wameuziwa mayai yasiyo na mbegu. Siku ya saba wanamulika kwa tochi, wanaona weupe mtupu, wanasema jogoo hakufanya kazi. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kiinitete kilichokufa kabla ya kuingia mashineni nacho huonekana weupe mtupu kwenye mwanga. Njia ya kujua ni kulivunja yai lile na kutazama alama ndogo nyeupe juu ya kiini cha njano. Ikiwa ni duara lenye pete kama shabaha ya kulengea, mbegu ilikuwepo. Ikiwa ni doa dogo lililojaa, lisilo na pete, yai halikuwa na mbegu. Yai lililokaa mashineni wiki nzima huweza kuwa limevurugika kiasi cha kutosomeka, kwa hiyo mfugaji makini huvunja mayai mawili matatu ya mzigo uleule kabla hata ya kuanza. Hasara ya mayai matatu ni ndogo kuliko kugombana na muuzaji kwa kosa ambalo si lake.

Jasho, mtikisiko na sabuni

Toa chupa ya soda kwenye friji uiweke mezani hapa Temeke. Dakika mbili tu imelowa nje. Maji hayo hayakutoka ndani ya chupa. Ni mvuke wa hewa uliogusa kitu baridi ukawa maji. Yai lililotoka chumba cha baridi, au lililosafiri usiku kutoka nyanda za juu kama Nairobi na kufika asubuhi kwenye hewa nzito ya pwani, hufanya vilevile. Wafugaji husema yai limetoka jasho.

Jasho hili lina madhara. Gamba la yai lina vitundu maelfu, na kupitia vitundu hivyo kiinitete hupumua. Juu ya gamba kuna utando mwembamba usioonekana vizuri kwa macho, unaoziba vitundu kiasi dhidi ya bakteria. Gamba likilowa, bakteria waliokaa nje wakavu hupata maji ya kuogelea na njia ya kuingilia. Ukiosha yai kwa sabuni kama nilivyofanya mimi, unauondoa utando wenyewe. Ukitumia maji baridi unaongeza balaa: kilichomo ndani hunywea na kuvuta maji machafu kupitia vitundu. Mayai machafu sana hayatotoleshwi. Yenye uchafu kidogo hukwanguliwa kwa upole yakiwa makavu. Kampuni kubwa hufukiza mayai kwa dawa ndani ya chumba maalumu, lakini kazi hiyo ina sumu na si ya jikoni kwako.

Mtikisiko nao una namna yake ya kuua. Upande mpana wa yai kuna chumba cha hewa, na kiini kimeshikiliwa katikati na nyuzi mbili za ute. Barabara ikiwa na matuta, chumba cha hewa huachia na kuanza kutembea, na nyuzi hulegea. Kwa sababu hiyo mayai hupangwa ncha chini, upande mpana juu, tangu shambani hadi mashineni. Yakifika hayaingii mashineni moja kwa moja. Hupumzishwa kati ya saa 12 na 24 kwenye chumba chenye ubaridi, upande mpana ukiwa juu, ili hewa irudi mahali pake na yai lipate joto la chumba taratibu bila kutoka jasho. Swali la sababu ya kupumzisha mayai lina majibu mawili, na wanafunzi wengi huandika moja.

Yaliyobaki ya mashineni nitayapitia haraka kwa sababu yamo kwenye kila kitabu: siku 21 kwa kuku, unyevu asilimia 50 hadi 55 siku 18 za mwanzo na 65 hadi 70 siku tatu za mwisho, kugeuza angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya 18, kisha kuacha. Bata mzinga na bata maji huchukua siku 28. Bata wa kwetu, yule mwenye uso mwekundu wenye vinundu, huchukua siku 35. Hapo wengi hupoteza alama kwa kuandika bata wote ni siku 28.

Kwa nini mtu avushe mayai

Swali ni halali. Tuna kuku nchi nzima, kwa nini mtu atafute yai ng'ambo?

Kwa sababu ya mbegu. Kuku wetu wa kienyeji ni hodari wa kuvumilia, ila hutaga kidogo na hukua polepole. Katika miaka ya karibuni wafugaji wamekimbilia chotara, hasa Kuroiler, aliyetengenezwa India, na Sasso, aliyetoka Ufaransa. Hawa wawili walifanyiwa majaribio hapa nchini na watafiti wa mradi wa ACGG, uliofanyika pia Ethiopia na Nigeria. Kuna kampuni za hapa zilizoleta kuku wazazi kwa utaratibu wa serikali na kuuza vifaranga. Lakini mahitaji ya mji kama huu ni makubwa, na pengo linapotokea, mayai na vifaranga hupita njia za pembeni.

Hapa rudi kwenye sura ya urithi uliyosoma Baiolojia. Kuku chotara anayeuzwa kwa mfugaji ni mtoto wa wazazi wa koo tofauti. Ubora wake umetokana na kuchanganywa. Ukimpandisha chotara na chotara mwenzake, hupati chotara wengine kama wao. Chukua sifa moja tu, iwe Kk kwa jogoo na Kk kwa tetea. Watoto watakuwa KK mmoja, Kk wawili na kk mmoja. Kwa jeni moja tu, nusu ya watoto hawafanani na wazazi kwa jeni hilo. Kasi ya kukua na wingi wa mayai hutawaliwa na jeni nyingi, kwa hiyo watoto hutawanyika zaidi: huyu mkubwa, huyu mdogo, huyu anataga, huyu ameamua kuatamia Machi nzima.

Sasa jirani anapokuuzia trei ya mayai ya Kuroiler yaliyotagwa na Kuroiler wake wa nyuma ya nyumba, huenda hajakudanganya kuhusu kuku wake. Amekuuzia kizazi cha pili. Gamba haliandikwi ukoo, halionyeshi mbegu, wala halionyeshi ugonjwa. Mambo matatu hayo ndiyo yanayofanya biashara ya mayai ya kutotolesha isimame juu ya karatasi na uaminifu, na karatasi inapokosekana unabaki na uaminifu wa mtu uliyekutana naye stendi.

Magonjwa yanayopanda ndani ya yai

Tenganisha njia mbili. Ugonjwa unaweza kusafiri ndani ya yai, kutoka kwa mama hadi kwa kifaranga. Au unaweza kusafiri juu ya gamba, kwenye trei, kwenye majani ya kufungashia, kwenye viatu vya aliyebeba.

Njia ya kwanza ina wahusika maarufu watatu. Kuhara nyeupe kwa vifaranga, yaani pulorumu, na homa ya matumbo ya kuku, yote mawili huletwa na bakteria wa jamii ya salmonela. Wa tatu ni mafua sugu yanayoletwa na maikoplazima. Ubaya wa pulorumu ni kwamba kifaranga akipona hubaki na vimelea kwenye ovari hadi ukubwani. Anataga, anaonekana mzima, na baadhi ya mayai yake hubeba bakteria. Kifaranga mmoja mgonjwa akitotoka ndani ya mashine, manyoya yake na vumbi lake huwapulizia wenzake wote kwa feni. Marekani ilianzisha mpango wa taifa wa kupima kuku wazazi mwaka 1935 kwa sababu ya ugonjwa huu hasa. Walijifunza kwamba huwezi kuutibu ugonjwa huu ndani ya yai, unaukata kwa kumpima mama.

Njia ya pili ndiyo ya mdondo, ambao wengine huuita kideri, na ya mafua ya ndege. Virusi hawa hukaa kwenye kinyesi kilichoganda juu ya gamba na kwenye vifungashio. Virusi vya mafua ya ndege huweza pia kupatikana ndani ya mayai ya kuku waliokwisha kuambukizwa. Kwa hiyo trei za karatasi zilizotumika hazirudishwi tena kwenye msafara. Kwa mfugaji wa Dar es Salaam, jambo la karibu la kukumbuka ni mtaa wa Veterinari pale Temeke, yaliko makao ya Wakala wa Maabara ya Veterinari. Chanjo ya mdondo inayovumilia joto, TEMEVAC, jina lake limeanzia na Temeke yenyewe.

Mareksi, gumboro na kuhara damu havipiti ndani ya yai. Usiviweke kwenye orodha hiyo. Mtego huu ni wa kila mwaka katika mitihani ya majaribio ninayotunga, na kila mwaka unanasa.

Namanga, Oktoba 2017

Mwishoni mwa Oktoba 2017 maofisa wa Tanzania waliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 waliovushwa kutoka Kenya kupitia Namanga. Picha zilisambaa. Kenya ililalamika rasmi. Februari 2018 vifaranga wengine 5,000 waliteketezwa kwa sababu hiyohiyo.

Ili ulijadili tukio hili bila kupiga kelele, unahitaji kujua yaliyotangulia. Mwaka 1997 mafua ya ndege ya aina ya H5N1 yaliwapata watu 18 Hong Kong na kuua sita. Februari 2006 ugonjwa uliingia Afrika, ukithibitishwa kwanza Nigeria. Mwaka huohuo Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kuku na mazao yake kutoka nje. Januari 2017, miezi kumi tu kabla ya tukio la Namanga, Uganda ilithibitisha mafua ya ndege karibu na Ziwa Victoria, na Kenya yenyewe ikafunga mpaka wake kwa kuku wa Uganda. Kwa hiyo hofu haikuwa ya kubuni, na nchi iliyolalamika Oktoba ilikuwa imechukua hatua ya namna hiyohiyo dhidi ya jirani yake mwanzoni mwa mwaka.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Namba 17 ya mwaka 2003 inampa ofisa wa mifugo mamlaka ya kuzuia, kukamata na kuteketeza. Wengine husema, sisi si Jumuiya moja? Umoja wa Forodha ulianza 2005 na itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika 2010. Ni kweli, lakini kuondoa ushuru si kuondoa ukaguzi wa afya. Hata mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa mwaka 1995 unaruhusu nchi kuzuia bidhaa kwa ajili ya afya ya watu, wanyama na mimea, mradi kizuizi kiwe na msingi wa kisayansi na kisiwe ushuru uliovaa koti la daktari.

Upande wa pili una nguvu yake pia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Namba 19 ya mwaka 2008 ni sheria ya nchi hiihii. Kifaranga ni kiumbe anayeumia. Kama lazima auawe, zipo njia za kumuua haraka kabla ya mzoga kuchomwa. Aliyevusha kimagendo alikuwa mtu, na adhabu ingeweza kumlenga yeye. Maoni yangu, na wewe unaweza kuyapinga kwenye karatasi bila kupoteza alama: kuwazuia kulikuwa sahihi, namna ya kuwaua haikuwa.

Angalia pia kwamba vifaranga hao walionekana wazima. Hoja ya "walikuwa hawaumwi" ni dhaifu, na msahihishaji ataikata. Kuna muda kati ya maambukizi na dalili, na wanaobeba salmonela huweza wasionyeshe dalili kabisa. Uzima huthibitishwa na kipimo cha maabara na historia ya shamba, hauthibitishwi na macho ya dereva.

Njia halali ilivyo

Utaratibu una mfuatano, na mfuatano ndio wenye alama. Mwagizaji huanza kwa nchi yake. Anaomba kibali cha kuingiza kutoka kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, Wizara ya Mifugo na Uvuvi, kabla mzigo haujaondoka ulikotoka. Kibali hutaja masharti: magonjwa gani shamba liwe halina, vipimo gani vifanyike. Kisha daktari wa mifugo wa serikali ya nchi inayouza hukagua na kutoa cheti cha afya kinachojibu masharti yale. Ndiyo sababu kibali hutangulia na cheti hufuata. Ukianza na cheti unajibu swali ambalo halijaulizwa.

Miongozo ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lenye makao Paris tangu 1924, inataka gamba liwe limetakaswa na vifungashio viwe vipya au vilivyosafishwa na kuuliwa vimelea. Mpakani au uwanja wa ndege ofisa hulinganisha karatasi na mzigo. Baada ya hapo huja karantini, na kwa mayai karantini ina maana mahususi: mayai hutotoleshwa mahali pamoja palipotengwa, na vifaranga hufuatiliwa. Yai peke yake ukilitazama halikuambii kitu.

Marufuku na masharti hubadilika ugonjwa unapozuka au kuisha mahali fulani. Mwenye nia ya kuagiza huuliza wizara leo, hategemei alichofanya jirani mwaka juzi.

Linganisha na vifaranga. Kifaranga wa siku moja hubaki na kiini tumboni kinachomlisha hadi saa 48, hata 72, kwa hiyo husafiri bila chakula. Yai huchukua nafasi ndogo na halihitaji hewa nyingi, ila faida yake hujulikana siku ya 21, pesa zikiwa zimeshaondoka. Kifaranga unamhesabu akishuka.

Maswali ya kujipima

1. Mfugaji aliweka mayai 120 mashineni. Siku ya saba alitoa 38 yaliyoonekana matupu. Vifaranga waliototoka ni 41. Mayai yaligharimu shilingi 120,000 na usafiri shilingi 20,000. Tafuta (a) asilimia ya mayai yenye mbegu, (b) asilimia ya utotoaji kwa mayai yenye mbegu, (c) asilimia ya utotoaji kwa mayai yote, (d) gharama ya kifaranga mmoja.

Mayai yenye mbegu ni 120 toa 38, yaani 82. Kwa hiyo (a) 82 gawa kwa 120 ni asilimia 68.3. (b) 41 gawa kwa 82 ni asilimia 50. (c) 41 gawa kwa 120 ni asilimia 34.2. (d) 140,000 gawa kwa 41 ni kama shilingi 3,415. Haya ndiyo mayai yangu ya Chamazi. Kama wangetotoka 96, yaani asilimia 80 ya mayai yote, kifaranga mmoja angegharimu shilingi 1,458. Wanafunzi hukosea (b) kwa kugawa kwa 120. Soma maneno "yenye mbegu" mara mbili.

2. Kati ya pulorumu, gumboro, maikoplazima, mareksi na homa ya matumbo ya kuku, yapi hupita ndani ya yai?

La kwanza, la tatu na la tano.

3. Mfugaji wa Bunju amepokea mayai ya kutotolesha saa nne asubuhi kutoka safari ndefu. Eleza atakachofanya hadi yaingie mashineni, na sababu ya kila hatua.

Asiishie kusema "atayapumzisha". Atakagua nyufa kwa mwanga, kwa sababu yai lenye ufa hukauka na huoza. Atayapanga upande mpana juu ili chumba cha hewa kitulie. Atayaacha saa 12 hadi 24 mahali penye ubaridi, kisha kwenye joto la chumba, ili yasitoke jasho. Hatayaosha, ili utando ubaki. Na atazitenga au kuziharibu trei zilizokuja na mzigo, hatua ambayo katika madaftari sitini niliyosahihisha muhula uliopita niliiona mara mbili tu.

4. "Kuteketeza vifaranga wa magendo mpakani ni hatua ya haki." Jadili.

Jibu lisilozidi kurasa mbili. Anza na tukio na mwaka. Toa hoja za kiafya zikiwa na ugonjwa uliotajwa kwa jina, siyo "magonjwa mbalimbali". Toa hoja za ustawi wa wanyama na za biashara ya Jumuiya. Chagua upande. Karatasi inayosema pande zote mbili zina haki kisha ikanyamaza hupata nusu ya alama za mjadala, hata mwandiko ukiwa mzuri.

5. Swali hili sina jibu lake la kuandika hapa, lifanye na mwenzako: mfugaji wa Mbande anakuuzia mayai ya "Sasso halisi" kwa bei ya nusu. Mwandikie maswali matatu utakayomuuliza kabla ya kutoa pesa, na kando ya kila swali andika jibu ambalo lingekufanya uondoke.